Jua Lisipatwe Kabla ya Mgeni Rasmi

Nchi yenyewe sitaitaja. Nina mtoto mmoja tu na bado namhitaji. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina amani, ina bendera, na watu wake ni wapole kiasi kwamba ukiwakanyaga wanaomba radhi wao. Nawaandikia nyie akina mama mlioko kwingine, ambako huenda mambo haya hayajafika, ili yakifika msiseme hamkuambiwa.

Kwetu kulikuwa na Profesa Hidaya Lukumbi, mwanamke aliyesomea nyota. Zamani alikuwa na kipindi redioni kila Alhamisi jioni. Sisi tunachambua mchele, yeye anatueleza kwa Kiswahili cha nyumbani kwamba nyota si matundu ya bati, ni majua ya mbali sana. Alieleza vizuri mpaka bibi kizee anaacha ungo chini anatoka nje kuangalia kama ni kweli. Siku moja akasema, "Ukitulinganisha na anga, sisi sote ni vumbi." Kesho yake Wizara ikamwomba afafanue kama katika hao "sote" amemhesabu na Mheshimiwa Waziri. Profesa akajibu kwamba anga halina viti vya mbele. Basi kipindi kikasimamishwa kupisha matengenezo ya mitambo. Mitambo ilitengenezwa miaka mingi, maana ilikuwa imeharibika vibaya.

Profesa akaenda ughaibuni. Huko akagundua kitu kikubwa mno kilicho mbali mno, wakampa nishani, na picha yake ikatoka kwenye magazeti ya dunia nzima. Ndipo Serikali yetu nayo ilipogundua kwamba ni mtoto wetu. Ugunduzi huo ulitangazwa kwenye taarifa ya habari jioni ile ile, na Waziri akasema Serikali ndiyo iliyomjengea mazingira wezeshi ya kuondoka.

Aliporudi, mzee wa fimbo sasa, likatangazwa Tamasha la Sanaa za Jamii la Kumuenzi Profesa. Kila kata itoe sanaa yake. Wilaya yetu ikapewa heshima ya kilele, kwa sababu siku ya kilele jua lilikuwa lipatwe, na kwetu ndiko lingeonekana vizuri kuliko wilaya zote. Bwana Chogero, Afisa Utamaduni wetu, aliipokea habari hiyo kwa shukrani. Alisema jua limetambua juhudi za wilaya.

*

Maandalizi yalikwenda vizuri. Vijana wa stendi walichora anga kwenye ukuta wa soko. Bwana Chogero akapita kukagua, akauliza, "Nyota ile kubwa ni ya nani?" Wakamwambia si ya mtu. Akaagiza ifutwe mpaka apatikane mwenyewe.

Sisi kwaya ya akina mama tulitunga wimbo wa sayari, kila sayari na ubeti wake. Kamati ikaupitia ili kuuboresha. Uliporudi ulikuwa wimbo wa Waziri, wenye sayari moja kwenye kiitikio. Tukauimba hivyo hivyo. Sauti ya pili haikubadilika sana.

Shule ya msingi ilipewa ngoma ya kupatwa kwa jua, na hapo ndipo balaa lilipobisha mlangoni kwangu. Mtoto wangu anaitwa Tumsifu, yuko darasa la tano, mrefu kuliko wenzake, na ana ugonjwa wa kuuliza. Nimejaribu kumkanya, nimejaribu kumpeleka kwenye maombi, nimejaribu hata kumpa kitu cha kutafuna ili mdomo uwe na kazi. Anatafuna anameza anauliza. Kwa urefu wake akapangwa kuwa Mwezi. Mwezi wenyewe ulikatwa kwenye boksi la friji, ukapakwa chokaa na majivu, mtoto anaunyanyua juu kwa mikono miwili. Jua lilikuwa boksi jingine kubwa zaidi, limepakwa rangi ya njano, limesimamishwa kwenye mti uwanjani likitazama meza kuu. Katikati ya Jua kamati ilibandika picha ya Mheshimiwa Waziri, ili watoto wasichanganyikiwe.

Siku ya mazoezi wazazi tuliitwa tukae pembeni. Profesa pia aliletwa, ili aonekane. Akapewa kiti. Alipofungua mdomo Bwana Chogero akamwambia kwa upole, "Samahani Profesa, ratiba ya leo haina sehemu yako ya kusema." Akaufunga.

Ngoma ikaanza. Tumsifu akaja na Mwezi wake, taratibu, anadunda kwa mguu mmoja kama alivyofundishwa, akapita mbele ya Jua.

"Simamisha!" Bwana Chogero akainuka. "We Mwezi, njoo hapa."

"Shikamoo, Afisa."

"Marahaba. Ulikuwa unapita wapi?"

"Mbele ya Jua."

"Na kwenye Jua amebandikwa nani?"

Tumsifu akageuka kuangalia, kama vile hajui. "Mheshimiwa."

"Nyumbani kwenu, mkubwa amekaa, wewe unapita mbele yake?"

"Hapana."

"Unapita wapi?"

"Nyuma."

"Basi. Rudia, upite nyuma."

Hapo mama mwenye bahati mtoto wake angesema ndiyo. Wangu akasema, "Lakini Mwezi ukipita nyuma, Jua halipatwi."

"Kwani ni lazima lipatwe?"

"Ndiyo ngoma yenyewe, Afisa."

Bwana Chogero akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, huyu mtoto ana wazazi?"

Magoti yangu yalisimama kabla yangu. "Anaye, Afisa. Niko hapa. Atapita nyuma. Nyuma kabisa, hata ukitaka apite nyuma ya shule."

Ngoma ikarudiwa, Mwezi ukapita nyuma. Jua lilibaki liking'aa, picha inatabasamu, na watoto wengine walipofika mahali pa kulia kwa hofu ya giza wakalia vile vile, maana ndivyo walivyofundishwa. Kamati ikapiga makofi.

Wakati wa maji Profesa akamwita Tumsifu. Nilisogea kusikiliza, mama lazima usikilize. Alikuwa anamwambia, "Siku hiyo usilitazame jua kwa macho, mjukuu wangu, litakuunguza na halitakuambia. Toboa tundu dogo kwenye hilo boksi lako, jua lipite humo, halafu wewe angalia chini. Chini utaliona lote."

"Na ngoma, bibi? Nipite wapi?"

Profesa akaniangalia mimi, halafu akaangalia fimbo yake. "Mwezi," akasema, "haujawahi kupita nyuma."

Usiku huo sikumpa chakula mpaka anijibu. "Utapita nyuma?"

"Mama, Profesa amesema..."

"Profesa ana nishani. Wewe una mama. Utapita nyuma, umesikia?"

"Nimesikia."

Kusikia si kukubali, mnajua wenyewe. Lakini nikaona nimpe kitu kimoja ili akubali kingine, nikachukua sindano ya kushonea magunia nikamtobolea lile tundu. Tundu tu, nikajisemea. Tundu halimkosei mtu adabu.

*

Siku ya kilele mgeni rasmi alitakiwa kufika asubuhi, na jua lilitakiwa kupatwa mchana. Kwa sababu hiyo turubai la meza kuu liligeuzwa kuelekea magharibi, ili jua la asubuhi lisimguse Mheshimiwa usoni. Kulikuwa na sofa moja yenye vitambaa, na viti vya wakuu kushoto na kulia. Profesa alikaa turubai la tatu pamoja na wauza maji, kwa kuwa kadi za mwaliko zilikuwa zimeisha.

Asubuhi ikapita, Waziri hajafika. Tukaambiwa anafungua karavati la kupitishia maji chini ya barabara, wilaya ya jirani. Mchana ukafika, tukaambiwa karavati limefunguliwa lakini ngoma za karavati hazijaisha. Profesa akajikokota na fimbo yake mpaka kwa Bwana Chogero.

"Afisa, jua linaanza sasa hivi."

"Mgeni rasmi hajafika, Profesa."

"Wewe unajua hajafika. Jua halijui."

"Itifaki hairuhusu kitu kianze kabla yake. Tunaomba lisogezwe, hata kama ni mpaka saa kumi. Wewe si ndiyo mtaalamu wake?"

"Ningekuwa na uwezo wa kusogeza vitu," Profesa akasema, "ningesogeza yale matengenezo ya mitambo."

Bwana Chogero hakucheka. Alichukua kipaza sauti, akakipuliza mara mbili. "Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Shughuli ya kupatwa kwa jua imesogezwa mpaka mgeni rasmi atakapowasili. Kwa sasa, kama kuna jambo lolote litatokea huko juu, jambo hilo si rasmi. Naomba kila mmoja wetu ainamishe kichwa aangalie chini. Atakayeangalia juu atakuwa ameifungua shughuli bila idhini."

Uwanja mzima ukainamisha vichwa. Nawaambia hatuna wakorofi kwetu. Wazee, kwaya, askari wa bendi na matarumbeta yao, wote macho chini. Tumsifu alikuwa amekaa miguuni pangu, na kwa jua kali akaunyanyua Mwezi wake juu ya vichwa vyetu uwe kivuli.

Ndipo nilipoiona. Kwenye kanga yangu, katikati ya kivuli, nukta ya mwanga ya mviringo, ukubwa wa kifungo cha shati. Na kifungo kile kilikuwa kimeng'atwa pembeni.

"Mama," Tumsifu akanong'ona, "ndilo hilo."

"Ndilo nini?"

"Jua. Limekaa mapajani kwako."

Nikashika kanga isitikisike. Jino liliendelea kuingia. Watoto wa ngoma wakajisogeza kwa makalio, mmoja mmoja, vichwa chini kama walivyoamriwa. "Limeliwa nusu!" "Sogea na mimi nione." "Usinisukume, utalimwaga." Jirani yangu Bi Mwanjaa alikuwa na kofia ya ukindu iliyochakaa, akaivua, na kupitia matundu yake yakatokea majua madogo mengi mavumbini, yote yameng'atwa, kama sahani ya vitumbua vilivyopitiwa na mtoto mwizi. Akaanza kucheka taratibu huku machozi yanamtoka. "Jamani, Alhamisi," akasema. "Si ndiyo yale ya Alhamisi."

Mwanga ukawa wa ajabu, kama wa jioni lakini si wa jioni. Upepo ukapoa. Kuku wa nyumba za jirani wakapanda vichanjani.

Bwana Chogero akaona mkusanyiko, akaja kutawanya. Alifika, akaangalia chini, kwa kutii agizo lake mwenyewe. Kilichobaki cha jua kilikuwa kama ukucha. Alichuchumaa. Nilikuwa sijui kwamba magoti yake yanakunjika.

"Limeanza bila sisi," akasema polepole.

"Hapana, Afisa," Tumsifu akasema. "Si tupo hapa?"

Bwana Chogero akakaa hivyo mpaka kifungo kilipoanza kujaa tena. Kisha akasimama, akapangusa suruali, akatuambia hakuna kilichotokea. Tukamwambia ndiyo, Afisa.

*

Mheshimiwa aliwasili jioni, saa zile jua linapolala upande wa magharibi. Akapokewa, akavishwa shada, akapanda jukwaani. Alisema yeye na Profesa ni watu wanaofanana, kwa kuwa Profesa anatazama vitu vya mbali na yeye pia ana maono. Alisema zamani jua lilikuwa linapatwa ovyo ovyo, bila mpango, lakini awamu hii limepatwa kwa ushirikishwaji wa wananchi. "Kwa mamlaka niliyopewa," akamalizia, "natamka rasmi kwamba jua sasa limepatwa! Inueni vichwa!"

Tukainua. Jua lilikuwa zima, linawaka. Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Sasa kumbukeni turubai lilielekea wapi. Mheshimiwa alipokaa kwenye sofa, jua lote lile alilolitangaza likamwingia usoni. Akakunja macho. Akajipepea kwa ratiba. Jasho likateremka mpaka kwenye tai. Wakuu wa kushoto na kulia nao walikuwa wanaungua, lakini nani angeanza kulalamikia jua lililofunguliwa rasmi muda si mrefu?

Ngoma ikaanza. Tumsifu akatokea pembeni na Mwezi, anadunda kwa mguu mmoja. Nikaanza kusema moyoni, nyuma mwanangu, nyuma, mama yako ana mmoja tu. Alifika kwenye njia panda, kulia ni nyuma ya Jua, kushoto ni mbele. Akasita. Akaangalia turubai la tatu.

Akaenda kushoto.

Alipita kati ya Jua na meza kuu, akasimama mbele kabisa ya sofa, akaunyanyua Mwezi juu kwa mikono miwili. Picha ya Mheshimiwa ikapotea. Ngoma zikanyamaza zenyewe. Askari mmoja akaanza kutembea. Nikashika mkono wa Bi Mwanjaa mpaka akasema, "Utanivunja, shoga."

Kivuli cha Mwezi kikamwangukia Mheshimiwa, kichwa hadi tumbo. Akafumbua macho.

"Nani huyu?"

"Ni Mwezi, Mheshimiwa," Bwana Chogero akasema, sauti kama ya mtu anayezama. "Tunamwondoa."

"Mwacheni! Mmekaa mnanichoma tangu nifike, hakuna hata mmoja mwenye akili. Mtoto, sogea kulia kidogo. Hapo hapo." Akavuta pumzi. Halafu akaona kifuani, juu ya koti, nukta ya mwanga ya mviringo inayong'aa. "Na hiki ni nini?"

Tumsifu akafungua mdomo. Bwana Chogero akamuwahi, "Ni nishani, Mheshimiwa. Imetoka juu moja kwa moja."

Mheshimiwa akaitazama, akanyoosha mabega. Mpiga picha akaitwa. Makofi ya siku ile hayajapata kutokea.

*

Nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwamba mtoto wangu hakukamatwa. Asubuhi gari likaja kumchukua. Ameteuliwa, wakasema, kuwa Mwezi wa Taifa.

Popote Mheshimiwa alipokwenda, Tumsifu alikuwa mbele yake na boksi, akifuata jua kulia na kushoto, ili kivuli kimkae na nishani imkae kifuani. Shule? Wakasema anasoma kwa vitendo. Watu walikuja kunipongeza. "Mama Mwezi," Bi Mwanjaa akasema, "wenzio watoto wetu wanapigwa kwa kupita mbele ya wakubwa, wako anapelekwa kwa gari." Sikujua kama ananicheka au ananionea huruma. Nafikiri hata yeye hakujua.

Jumapili walikuwa wanamleta. Mikono ilikuwa inamtetemeka hata kikombe anashindwa kukishika, namnywesha uji kama mtoto mchanga. Nikamwambia, mwanangu, nieleze huko mnakokwenda. Akasema ni pazuri. Nikamwambia hutaki kuniuliza chochote? Akasema hapana, mama. Miaka yote nilikuwa naomba mtoto huyu aache kuuliza. Jamani, muwe waangalifu na mnayoomba. Ameacha.

Nikaenda ofisini kwa Bwana Chogero. "Afisa, naomba mtoto wangu."

"Mama Tumsifu, mwezi hauombwi."

"Mikono yake imeharibika."

Hakunitazama. "Mimi mwenyewe," akasema, "ningeweza..." Halafu mtu akapita nje ya mlango, naye Afisa akasema kwa sauti kubwa, "Ni heshima kwa wilaya nzima, mama! Shukuru!"

Wakati huo ule utaratibu wa kuinamisha vichwa ulikuwa umependwa sana juu, ukafanywa wa kudumu. Ukaitwa Heshima ya Chini. Kila shughuli, kuanzia mgeni rasmi anapoketi mpaka atakapotamka kwamba imefunguliwa, wote macho chini, na asiwepo wa kuinua.

Ukaja uzinduzi wa sanamu ya Profesa pale sokoni, hatua ya mwisho ya kumuenzi. Ilifunikwa kitambaa, lakini wote tulijua kwamba ina sura ya Waziri, kwa kuwa kalibu ya kumiminia sura yake ilikuwepo tayari na ingekuwa hasara kutengeneza nyingine. Kwaya tulikuwepo. Jioni tena, jua lile lile. Mheshimiwa akaketi, Tumsifu akasimama mbele na boksi, vichwa vikainama. Mheshimiwa kwenye kivuli kile akapata usingizi. Nani wa kumwamsha? Tukaendelea kuinama.

Nikasikia boksi linatetemeka. Kadibodi kavu ina sauti yake.

Nikainua kichwa. Nilidhani jambo kubwa litatokea, mbingu zitafunguka. Hakuna kilichotokea. Niliona visogo tu, uwanja mzima wa visogo, askari, wakuu, bendi, Bwana Chogero. Kichwa kimoja tu kilikuwa kimeinuka, nacho ni cha Profesa, turubai la tatu, pembeni ya kwaya. Aliniona nikimwona. Fimbo yake ilikuwa imelala njiani mbele yangu. Akaivuta, akanipisha.

Nikapita. Nilipita mbele ya wakuu wa kushoto, mbele ya sofa, nimeinama kidogo kama tulivyolelewa, nikisema kimoyomoyo naombeni njia. Nikalitoa boksi mikononi mwa mwanangu, nikalilaza chini, nikamshika kiganja. Kilikuwa cha baridi. Jua likampiga Mheshimiwa usoni, akakunja uso usingizini, na nishani ikamtoka kifuani. Hakuna aliyeona. Wote walikuwa wanaheshimu.

Tulipofika nyuma ya maduka Tumsifu akasimama.

"Mama," akasema, "mbona umepita mbele?"

Nilitaka kumwambia nyamaza. Badala yake nilikaa chini pale pale kwenye maganda ya miwa nikalia, maana sauti ile nilikuwa sijaisikia siku nyingi. "Uliza tena," nikamwambia. "Tukiwa njiani uliza yote."

Taarifa ya habari ilisema Mwezi umezama kwa mujibu wa ratiba. Sisi tuko tuliko.

Ila nasikia wanatafuta mwingine. Awe mrefu kidogo, mtulivu, mikono isiyochoka haraka. Watapita mashuleni kuanzia Jumatatu, na watakuja na pipi. Nyie wenye watoto warefu, mimi nimeshawaambia.